Winchi Imegeuzwa Nikiwa Makunduchi

Zuhura mwanangu,

Salamu ntakupa kesho kwa mdomo wangu, kwa hiyo sianzi nazo. Karatasi hii nimemwomba mama yako kwa jambo jingine. Nshasali Alasiri, nimevuta kiti nje ya mlango, hapa kwenye ujia wa ghorofa, na huku nyuma nnakusikieni mnagombana juu ya begi. Yeye anataka utie chupa mbili za achari, wewe unamwambia hata Mwanza kuna maembe na ndimu. Atashinda yeye, usijisumbue.

Mambo ya chakula, ya kufunga mlango na ya watu wa kujihadhari nao amekwambia yote, na majirani wa chini nao wameyasikia. Mimi siyarudii. Langu ni moja, nimelizungusha mdomoni tangu niliporudi kutoka Makunduchi na kila nikitaka kulitoa nnaomba chai. Nna wivu na wewe.

Basi, nshaliandika.

Wewe ulidhani ni msiba. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Baba bado ana huzuni ya shangazi, tumwache." Nikanyamaza, maana huzuni ni kitu cha heshima, mtu akiwa nayo anapikiwa uji na haulizwi. Dada yangu nimemlia, Mungu amrehemu, na ntaendelea kumlia. Lakini lililonifanya nikae nawe mkekani nile bila ya kukutazama usoni silo hilo. Mama yako alilijua mapema. Juzi alinambia, huku anakuna nazi wala hakuinua kichwa, "Wewe Haji unamwonea kijicho mtoto wako mwenyewe." Nikamjibu kwa ukali, halafu nikashuka ngazi nikenda kukaa chini mpaka ukali ukaisha.

Ngoja nikwambie nilivyorudi. Nilishuka barabarani Mtoni na kikapu cha muhogo na ndizi nilichopewa kule msibani, nikasema nipite chelezoni kwanza, pale tunapopandisha vyombo, kabla ya nyumbani, niwaone wanavyoningoja. Nisikufiche, hilo ndilo nililokuwa nikilipenda kila nikisafiri. Mimi nikiondoka, chelezo kinalala. Vyombo vinapangana majini vikingoja kupandishwa, wenyewe wanakaa bandani wanacheza dhumna na kuulizana Fundi Haji anarudi lini. Nikitokea, wanasimama wote. Safari nyingine nilikuwa nachelewa kusudi, nakaa kwa watu siku ya ziada sina hata kazi, ili nikirudi wawe wamenikosa barabara.

Safari hii sijafika hata getini, nikasikia mashine. Nikasimama. Sauti ya ile winchi ikivuta mzigo siwezi kuikosea, injini inazama kidogo kisha inashika. Ilikuwa inavuta vizuri. Mimi niko njiani na kikapu cha muhogo, na winchi yangu inavuta.

Nilipoingia nikaona boti ya Mzee Kombo inapanda juu ya toroli, inatiririka maji, imenyooka kwenye reli kama inavyotakiwa. Kwenye kiti changu amekaa Mwinyi, mpaka rangi, mtu ambaye toka nimjue hajashika chochote isipokuwa brashi. Wewe uko chini, maji ya magoti, umekunja nguo, unaita, "Lete!" na Mwinyi anaitika, "Naam!" kisha anavuta ile fimbo ya gea kwake, taratibu, na boti inakuja. Ilipofika juu watu wakapiga makofi. Mimi hawajanipigia makofi hata siku moja. Nilikuwa nadhani si desturi ya pale.

Vuai ndiye aliyeniona kwanza. Akaja akichechemea na mguu wake ule, akanipa mkono wa pole, akasema, "Haji, mtoto kakupumzisha." Alisema kwa wema. Lakini neno lile liliniingia pabaya, na mpaka leo liko palepale. Nani alimwambia nimechoka?

Halafu ukaja wewe mbio, umelowa. "Shikamoo baba. Tumeigeuza. Sasa ukivuta kwako inapandisha, ukisukuma inateremsha. Mtu yeyote anaweza." Nikasema marahaba, nikauliza kama nyumbani kuna maji, nikachukua kikapu changu nikaondoka. Ulibaki umesimama pale. Nilikuona, Zuhura, nisiseme sikukuona.

Mtu yeyote anaweza. Hebu fikiri unamwambia nani maneno hayo.

Ile winchi, wewe umezaliwa umeikuta kinyume, kwa hiyo labda hujui ilivyofika pale. Ilitolewa kwenye meli kuukuu iliyokatwakatwa ikauzwa chuma, wakaja mafundi wakaifunga pale bandani, wakaunga mipira ya mafuta walivyojua wao, wakenda zao. Ukivuta gea kwako, ile ngoma ya kukunjia waya inauachia, chombo kinarudi majini. Ukisukuma, ndiyo inakunja, chombo kinapanda. Na mkono wa binadamu hautaki hivyo. Binadamu akitaka kitu kije kwake anavuta. Kila aliyekaa pale akaufuata mkono wake alimtupia mtu chombo chake baharini, wakawa wanainuka wenyewe kwa aibu. Mimi nilijizoeza kuubishia mkono wangu mpaka ukakubali. Ndivyo ikawa yangu.

Na kabla ya hapo niliwahi kuigeuza. Hili umelisikia kwa Vuai, lakini kwangu hujalisikia. Tulikuwa vijana, hujazaliwa, mimi na Vuai ndio mafundi wa pale. Nilichoka kujibishia, nikasema naigeuza. Mipira ni miwili, inatoka kwenye gea inakwenda kwenye ngoma. Ukiibadilisha, huu mahali pa huu, ngoma inazunguka upande mwingine. Mtoto wa skuli anaelewa. Nikaibadilisha kule chini, kwenye ngoma, kwa sababu nati za kule zilikuwa laini kufungua. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Tukajaribu toroli tupu, likaja. Tukapandisha mashua, ikaja. Tukafurahi sana.

Ile valvu ya breki, inayoizuia ngoma isikimbie na mzigo, inakaa kwenye mpira mmoja tu, ule unaobeba mzigo, karibu na ngoma. Mimi nilibadilisha mipira mbele ya breki, kwa hiyo breki ikabaki inalinda mpira usio na kitu. Wakati wa kupandisha huoni tofauti. Nilipoanza kuteremsha, ngoma ikakimbia na waya wake, toroli likaondoka na mashua juu, na Vuai alikuwa nyuma ya gurudumu akiondoa gogo. Umemjua Vuai akichechemea, ukadhani kaumbwa hivyo. Nakumbuka hakupiga kelele. Alikaa chini akaniangalia, kama anangoja mimi ndiye niseme kitu.

Nikairudisha mipira ilivyokuwa. Nikawaambia watu mashine hii haigeuzwi, ndivyo ilivyoumbwa. Mwanzo ilikuwa hofu, wallahi, nilikuwa nikiuona ule mguu kila nikishika spana. Lakini hofu iliisha. Siku moja natia grisi peke yangu, nikaufuata mpira kwa kidole kutoka kwenye gea mpaka kwenye ngoma, nikaona. Ningebadilisha juu, kwenye gea, kabla ya breki, kila kitu kingekaa sawa na breki isingeguswa. Kazi ya asubuhi moja. Nilifuta mikono nikenda kunywa chai. Wakati ule nilikuwa nshaonja watu wazima kuinuka nikitokea, wakiniita fundi, wala sikutaka kurudi kuwa mtu kama watu.

Kwa hiyo nnataka ujue kwamba nilijua kabla yako. Ona nilivyo, hata kwenye barua ya kukuaga nnatafuta kukupiku.

Wewe nilikufunza kila kitu cha pale. Ulikuwa unaniletea chakula ukitoka chuoni kusoma Kurani, unakaa unauliza, na mimi nafurahi kuulizwa. Nilikufunza kusikia pampu ikinyonya hewa, kuunga waya uliokatika, kujua mafuta yaliyoungua kwa kuyanusa. Gea sikukupa. Ukiniomba nilikuwa nasema nzito kwa mtoto wa kike. Gea ile haina uzito, unajua sasa, inakwenda kwa vidole viwili. Nilijua ukikaa pale utaizoea haraka kuliko nilivyoizoea mimi, nami nilikuwa sitaki kuiona siku hiyo. Nikawa nakupa kazi ya grisi, wewe unapaka grisi huku unaniangalia, nami nageuza bega usione vizuri.

Halafu ukamwendea Vuai. Hapo ndipo roho inaposokotwa zaidi. Mimi niko msibani, vyombo vimejaa majini, Mzee Kombo boti yake inavuja, mtu kajaribu gea, toroli likamkimbia nusura liue mtu. Ukaamua. Sawa. Lakini kati ya watu wote ukakaa na Vuai, na yeye akakwambia baba yako alibadilisha chini, wewe badilisha juu. Kumbe alijua. Miaka yote hiyo kaniangalia nakaa kwenye kile kiti, na anajua. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akanijibu, "Zuhura kaniuliza. Wewe hujaniuliza hata siku moja." Nimeona wivu kwa mtu niliyemvunja mguu, kwa sababu mwanangu kakaa naye asubuhi moja akicheka. Nilisikia mlicheka. Mwinyi kanihadithia bila ya kujua anachonifanyia.

Na hao waliokupa kazi Mwanza nao. Walipokupigia simu wakakuuliza kazi gani umewahi kuifanya mwenyewe, ukawaeleza ya winchi, nilikuwa chumbani nasikia kila neno. Ulieleza vizuri. Gea, breki, mpira upi, kwa nini juu si chini. Hukutaja kwamba baba yako ni fundi wa pale, ulisema "fundi aliyekuwepo alikuwa amesafiri." Ni kweli, nilikuwa nimesafiri. Sasa winchi yangu ndiyo inayokuchukua, kwenda kutengeneza winchi za meli za ziwani, kwenye maji yasiyojaa wala kupwa. Sielewi maji gani hayo. Chombo unakipandisha saa yoyote unayotaka, hungoji chochote, sasa raha ya kazi iko wapi? Lakini naona mnavyoizungumza na mama yako, na ningekuwa na umri wako ningekwenda kesho na begi moja.

Leo baada ya Adhuhuri, watu wamekwenda kula, nilichukua spana nikatia mfukoni nikenda chelezoni. Nnakwambia ukweli kwa sababu kesho hupo. Nilikwenda kuirudisha ilivyokuwa. Nilishapanga na maneno: ningesema imejirudi, mashine ile ndivyo ilivyoumbwa, niliwaambia. Wangeinuka tena nikitokea. Wewe ungekuwa uko mbali, na kazi yako ya kwanza ingesemwa haikukaa.

Lakini kwanza nikatafuta kosa. Nilitaka niipate sababu ya haki. Nilipita nati moja moja, nikagusa kila muungo kwa kidole kuona kama unatoa jasho la mafuta. Makavu. Breki iko palepale, hukuigusa. Juu ya gea umechora mishale miwili kwa rangi nyeupe ya Mwinyi, mmoja wa kuja na mmoja wa kwenda, na imenyooka kuliko kazi zote za Mwinyi. Nikaendelea kutafuta. Chini kabisa, nyuma ya kile kibati, nikaona mpira mmoja unagusa ncha ya chuma. Ukitetemeka muda mrefu utakatika.

Nikafurahi. Nilihisi uso wangu unacheka, peke yangu bandani, mzee mzima na spana mfukoni, nacheka kwa sababu mwanangu kakosea. Nilikaa na furaha ile kidogo. Halafu nikafikiri utakatika siku gani, na nani atakuwa nyuma ya gurudumu siku hiyo. Nikakata kipande cha tairi, nikakitia baina ya mpira na chuma, nikakifunga kwa waya mwembamba. Kumbuka hilo huko uendako, ukigeuza mipira angalia na inapopita, si inapofungwa tu. Mengine yote uliyofanya ni sawa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na hilo nalo linaniuma.

Spana sikuitumia. Nikawasha injini, nikakaa kwenye kiti, toroli tupu, nikauambia mkono wangu leta. Mkono ukasukuma. Toroli likaondoka kuelekea majini. Nikasimamisha, nikasoma ule mshale wako, nikajaribu tena, na mkono ukasukuma tena. Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayemzuia mbuzi, ndipo toroli likaja, na nilipotaka kulisimamisha nikakosea tena. Wote wanaweza sasa. Mwinyi anaweza. Asiyeweza kwenye chelezo kile ni mimi. Nilipogeuka nikamwona Vuai amejilaza nyuma ya mapipa, kumbe hakwenda kula. Alikohoa tu akajigeuzia upande wa pili.

Mwanza utamkuta mtu kama mimi. Kila penye mashine yupo. Atakuwa na chombo chake chenye tabia mbaya, atakwambia ndivyo kilivyo, na watu watakuwa wanamsubiri yeye tu. Wewe utaona dawa yake siku ya kwanza, nakujua. Usingoje aende kuzika dada yake. Mfuate kabla hujashika spana, umwambie nataka kufanya hivi. Atakukatalia. Mimi ningekukatalia, ningekutafutia visingizio mpaka jua lizame, na wewe mwishowe ungeigeuza tu, kwa sababu huo ndio ukaidi uliourithi kwangu. Lakini ungekuwa umenambia. Nisingelisikia jambo lile nikiwa barabarani.

Na kama siku moja utajikuta wewe ndiye peke yako unayejua kitu, utakiona kitamu. Mimi siwezi kukwambia ukiteme, mimi mwenyewe sikutema, nimenyang'anywa. Nakwambia tu kwamba ni kitamu, ili ukikionja ukijue.

Sasa sikiliza, maana adhana ya Magharibi iko karibu na nitaingia ndani na karatasi hii. Boti yako ya Dar inaondoka saa moja asubuhi. Maji yanajaa baada ya Alfajiri, na mashua ya Bi Tatu inapandishwa. Walimweka Mwinyi. Nimempigia simu nimemwambia alale, mimi ndiye nitakayekaa. Kasema sawa fundi, na nimesikia hofu yake.

Ana haki ya kuogopa. Nikikaa peke yangu mkono wangu utasukuma, na mashua ya yule mama itakwenda zake. Vuai angekuja kunisimamia nikimwita, ila Vuai nimemchoka kwa wiki hii. Nakutaka wewe. Toka na begi lako mapema, achari na kila kitu, upite chelezoni, bandarini si mbali. Usikae nami kiti kimoja. Shuka chini, usimame majini pale anaposimama mwitaji.

Unajua desturi ya pale, aliye kwenye gea hagusi kitu mpaka aitwe na aitike. Mimi niliiacha zamani. Nilikuwa navuta ninapoona mwenyewe, nani angeniita, na ningemwitikia nani, na waitaji wakazoea kupiga kelele zao bure. Kesho uniite. Sema "Lete", kisha usubiri, na usikubali kamba ya mashua iachiwe mpaka unisikie. Mkono ukitaka kwenda kulekule, nipigie kelele mbele ya watu, hainidhuru. Nitaitika naam, kwa sauti, mpaka Vuai na Mwinyi na Bi Tatu wote wasikie nnamwitikia nani. Halafu ntavuta kwangu.

Baba yako,
Haji